Likizo ya mwezi wa sita: watoto watatu, hela ndogo, na ziwa liko hatua chache kutoka mlangoni

Cherehani wa Igogo

Habari za jioni wana Mwanza na wote wa kandokando ya ziwa.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Nina watoto watatu: wa kiume yuko darasa la sita, binti darasa la tatu, na kitinda mimba wa miaka mitano. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani hapa hapa nyumbani Igogo. Baba yao anaendesha lori, mwezi huu atakuwa njiani muda mwingi. Hela niliyotenga kwa likizo nzima ni elfu thelathini, na humo ndani kuna nauli.

Naandika mapema kwa sababu ya yaliyonikuta mwaka jana. Nilijua watoto watacheza tu, na wiki ya kwanza walicheza kweli. Ya pili michezo ikawaishia. Huyu mkubwa akapata wenzake wa mtaa wa chini, ikawa kila ikifika saa sita mchana wanashuka ziwani kuoga, wanarudi nywele zimeshakauka. Mimi kichwa nimekiinamisha kwenye mashine, sijui lolote. Shule zikafunguliwa. Kufika mwezi wa nane akaanza kulalamika tumbo, kisha akawa anapata choo chenye damu. Nikampeleka kituo kimoja cha afya, tukapewa dawa za amiba bila hata kupimwa. Baada ya wiki mbili hali ni ile ile, tukapewa zile zile. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi nikasema siondoki mpaka mtoto apimwe choo. Mhudumu mwingine akapima, akakuta mayai ya kichocho. Alimeza vidonge vyake siku hiyo hiyo na akapona. Lakini ile miezi mtoto alipokuwa anasinzia darasani, na mimi namgombeza kwamba ni mvivu, inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo likizo ya Desemba nilijipanga. Niliona kwamba michezo ya siku moja moja inaisha saa nne asubuhi, halafu macho yanageukia ziwani. Mtoto anataka kitu kimoja kilicho chake, kinachokua, kitu ambacho akiamka anakikimbilia kabla hajanawa uso. Kwetu kitu hicho kilikuwa mchicha.

Mchicha umekaa kama umepimwa kwa ajili ya likizo. Ukiupanda siku shule zinapofungwa, ndani ya wiki tatu hadi nne unavuna. Tulichukua viroba viwili, tukajaza udongo na samadi ya mbuzi tuliyopewa bure na jirani. Pakiti ya mbegu shilingi elfu moja. Zile mbegu ni ndogo kama chembe za mchanga, ukimwachia mtoto anamwaga zote mahali pamoja, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga mkavu kwanza ndipo tukanyunyiza. Maji ni yale ya kuoshea mchele na mboga.

Siku ya nne binti yangu aliamka kabla sijawasha jiko. Nilimkuta amelala kifudifudi pembeni ya kiroba, kidevu kinagusa udongo. Akaniita kwa kunong'ona, kama vile mchicha ungeshtuka. Vilikuwa vinyuzi vyekundu vimesimama, kila kimoja kimebeba vijani viwili visivyofika ukubwa wa punje ya mchele, na kimoja bado kina ganda la mbegu kichwani. Alikaa pale mpaka uji ukapoa. Tangu siku hiyo daftari lilikuwa lake: tarehe, urefu kwa rula, nani amemwagilia.

Muda unaonitisha ni saa sita mpaka saa tisa. Jua ni kali, nyumba ina joto, na maji yanaonekana pale chini yanang'aa. Hapo ndipo nawaweka barazani karibu yangu na gunia la vitambaa vya mabaki. Mkubwa anashona mipira ya chandimu: anafunga matambara kwa kamba, anavisha kipande cha jinzi juu, na sasa hivi mipira yake inadumu kuliko ile ya mifuko tuliyokuwa tunaisokota utotoni. Binti anatengeneza wanasesere. Wakichoka wanachimba kishimo cha mdako pale chini ya mwembe: unarusha kokoto moja juu, unazoa zilizomo shimoni, unaidaka ile ya juu kabla haijaanguka, halafu unazirudisha zote isipokuwa moja. Huyu wa miaka mitano amejifunza kuhesabu mpaka kumi na mbili pale pale, na sikumfundisha mimi.

Saa kumi wanatoka kucheza mpira na wenzao. Usiku vitendawili, taa ikiwa imezimwa.

Sasa nauliza: nyie mnafanyaje? Wiki nne ni nyingi na mchicha peke yake hautoshi. Naomba vitu vilivyofanyika kwenye nyumba zenu, vya hela ndogo.

---

Seremala Mabatini

Dada fundi, pole kwa yaliyomkuta kijana.

Kwangu mwezi wa sita na wa saba ni tiara. Kiangazi hiki upepo haukosi mchana. Njiti mbili nyembamba, gazeti, uji mzito wa ngano badala ya gundi, na uzi. Wewe uzi unao, tena na vitambaa vya mkia unavyo. Mkia ndio siri yenyewe: ukiwa mfupi tiara inajizungusha inadondoka, ukiwa mrefu mno haipandi. Mwache mtoto aongeze na kupunguza mwenyewe mpaka ikae. Wangu alikata mkia mara saba mchana mmoja na hakuniuliza chakula.

Waeleze na huo upepo unatoka wapi. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, ya ziwani inakuja kujaza. Usiku mambo yanageuka. Kijana wangu alikuwa anaenda kushika mwamba jioni na kunirudia kuniambia kama bado una moto.

Warushie uwanjani, mbali na nyaya za umeme, na wasipande juu ya majabali kufuata upepo. Huku kwetu mlimani mtoto anaangalia juu, anasahau miguu iko wapi.

---

Ticha wa Nyakato

Dada yangu, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na hicho ulichoandika kuhusu kusinzia darasani kinanigusa sana. Watoto wengi wa kandokando ya ziwa tunawaita wazito kumbe wanaumwa. Usijilaumu, wengi wetu hatukujua.

Niongeze machache kuhusu kichocho, maana kuna wazazi watasoma hapa. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa pembeni mwa maji, penye majani, na vinaingia kupitia ngozi. Mtoto hahitaji kunywa maji, kusimama tu inatosha. Na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, yaani ule ule muda wa mchana unaoutaja. Kama nyumbani mnatumia maji ya ziwa kuogea, yaacheni kwenye pipa siku mbili bila kuongeza mengine, au yachemsheni. Akishatibiwa akarudi kuoga pale pale, anaupata tena, dawa haimwekei kinga. Ile siku ya dawa shuleni, mtoto anaposimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu, fimbo inaonyesha ameze vidonge vingapi. Mwambieni asikose siku hiyo, na ale kabla ya kuja, maana tumbo tupu linamsumbua.

Tuisheni. Naulizwa kila mwaka. Mtoto wa darasa la tatu kukaa darasani asubuhi mpaka jioni mwezi mzima wa likizo, akirudi Julai amechoka kuliko alivyoondoka. Anachopoteza likizo ni kusoma, na hicho kinarudi kwa dakika ishirini kila siku. Mkubwa amsomee mdogo kwa sauti. Kijana wa darasa la sita anaona aibu kukwama mbele ya mdogo wake, kwa hiyo anajiandaa mwenyewe kwanza. Vitabu vikiisha, mjini ipo maktaba ya mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ulizeni pale mapokezi utaratibu wa watoto.

Na ramani! Uwanja wenu wa udongo ni ubao mkubwa bure. Kijana achore Ziwa Victoria kwa kijiti, aweke Mwanza kusini, Ukerewe, Bukoba upande wa magharibi, Kisumu na Entebbe ng'ambo. Achore mipaka ya nchi tatu aone kwamba karibu nusu ya ziwa iko kwetu na Kenya ina pembe ndogo tu. Ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake ni mita 80 hivi tu. Tanganyika inakaribia mita 1,470. Mwambie apime kwa hatua: kama kina cha Victoria ni hatua moja, cha Tanganyika ni ngapi? Nimewahi kuwaona watoto wanatembea mpaka nje ya geti la shule kwa hesabu hiyo.

---

Baba Buhongwa

Mimi naomba kupinga kidogo. Haya ya mchicha na kushona mipira yanaanza vizuri, halafu baada ya muda unakuta mtoto wa miaka tisa yuko barabarani na beseni kichwani anatembeza mboga juani. Nimewaona wengi stendi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 hata kwa kazi nyepesi. Tuwe makini.

---

Cherehani wa Igogo

Kaka Buhongwa, asante, na nakubaliana na wewe kabisa. Mimi mwenyewe nilitembeza vitumbua nikiwa na miaka minane, najua jua la saa saba likoje ukiwa na beseni ambalo halijaisha.

Kwangu mchicha hautoki nje ya geti. Majirani wanakuja wenyewe kununua, tena wengine wanakuja kwa sababu binti amewaambia. Hela ni yao, siigusi. Wakiamka siku moja hawataki kumwagilia, namwagilia mimi na sisemi neno.

---

Mama wa Igombe

Mwenzangu wa Igogo, shika hapo hapo na hizo saa za mchana. Mimi ni mchuuzi wa dagaa huku mwaloni Igombe, pale wavuvi wanaposhusha samaki, maisha yangu yote ni maji haya. Mara mbili nimesimama ufukweni mtoto anatolewa majini hana uhai. Wote wawili walikuwa wanaogelea vizuri. Msiwaamini watoto wanaosema "tunakaa pembeni tu". Hapo pembeni kuna mashimo, na kuna siku mamba na viboko wapo.

Lakini pia msiwafiche ziwa. Mtoto wa Mwanza asiyelijua ziwa ndiye anayekwenda kulitafuta peke yake. Nendeni naye wewe mwenyewe.

Ngoja giza la mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi wanapumzika kwa sababu mwanga umetapakaa na dagaa hawajikusanyi chini ya taa. Wakati wa giza, saa mbili usiku, tafuteni mahali pa juu pa kukaa, huko kwenu milima ipo. Mtaona taa zimejipanga majini kama kuna mji mwingine ule upande. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, mwanga wake mweupe zaidi. Waambie wahesabu. Wangu wanagombana kila mara, mmoja anasema sitini, mwingine sabini na mbili, wanaanza upya.

Asubuhi yake waleteni mwaloni mapema, muwashike mikono. Wawaone samaki kwa majina: sangara, sato, gogogo, kambare, kamongo. Kamongo ndiye watakayemkumbuka, maana anapumua hewa kama mtu, na maji yakikauka anajizika kwenye tope akasubiri mvua. Na furu, wakiwaona, waambie hao walikuwa wamejaa ziwa zima kabla sangara hajaletwa. Muombeni mtu anayeanika dagaa awaonyeshe tofauti ya waliokauka mchangani na waliokauka juu ya chanja. Mtoto atamng'ata wa mchangani mara moja tu, atakwambia mwenyewe upi ni upi.

Nauli tu ndiyo gharama. Na ukinipata siku hiyo, dagaa wa kutafuna njiani nitawapa.

---

Mjukuu wa Magu

Mimi wangu wanakwenda kwa bibi yao wiki mbili. Mwezi wa sita kule ni wa viazi. Bibi anawakabidhi kazi ya michembe: viazi vinamenywa, vinaachwa vinyauke, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juu ya mwamba. Kuna na matobolwa, viazi vikavu vya aina nyingine, hayo ndiyo yanayochemshwa kwanza. Kazi ya watoto ni kukaa kivulini karibu na mwamba kufukuza kuku na mbuzi, na kugeuza vipande jua likizunguka. Wanaonja nusu ya mali. Bibi anajua, anaanika zaidi.

Wanarudi wanasalimia "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jioni, lugha ambayo mimi nashindwa kuwafundisha hapa mjini kwa sababu nimezoea Kiswahili kutwa nzima. Babu anawafundisha bao, yeye analiita isolo, vishimo vinachimbwa chini na kete ni mbegu. Mwaka jana binti yangu alimfunga. Mzee alimpigia simu kila ndugu.

Kama una mzazi kijijini, jambo moja: usiwatupe kule mikono mitupu. Peleka chandarua chao, sukari, sabuni na hela kidogo ya dharura. Wazee hawasemi, lakini watoto watatu kwa wiki mbili wanamaliza akiba ya mwezi.

---

Konda wa Kisesa

Kama kuna hela ya safari moja tu, pelekeni Bujora. Ni hapa Kisesa, daladala zinafika, kutoka katikati ya jiji ni kilomita kama 20. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yakafunguliwa mwaka 1968. Kuna jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ngoma za watemi zimepangwa mle ndani, ngoma za kweli zilizopigwa. Mwezi wa sita, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, kuna Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma: makundi mawili ya wachezaji, Bagalu na Bagika, wanashindana kucheza ngoma, wakulima na majembe yao wanacheza bugobogobo, wanayarusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo. Siku za mashindano mtoto hataki kurudi nyumbani.

Wanaotaka wanyama, kisiwa cha Saanane kipo, boti inatoka Capri Point na ni dakika chache tu. Zamani palikuwa bustani ya wanyama, hifadhi ya taifa imekuwa mwaka 2013. Pimbi na tumbili watawaona kwenye majabali bila kutafuta. Kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na cha mtoto ni tofauti na cha mtu mzima, kwa hiyo piga hesabu ya watoto wote pamoja na boti kabla hujawaahidi. Mtoto akiahidiwa Saanane akakosa, wiki nzima imeharibika.

---

Cherehani wa Igogo

Nimerudi kuwapa habari, leo ni siku ya 23 ya likizo.

Tiara imetengenezwa nne. Ya tatu ndiyo iliyokaa, Seremala, na mkia wake ulikuwa kipande cha kitenge cha mteja wangu, nimeshamwambia na amecheka. Ramani ilichorwa uwanjani na ikafutwa na kuku, ikachorwa tena kubwa zaidi, na sasa wageni wanaambiwa wazunguke wasikanyage Kisumu. Ile hesabu ya kina, Ticha, kijana alisema hatua kumi na nane na kitu, akatembea mpaka kwa jirani.

Ijumaa ya giza tulipanda juu ya mwamba nyuma ya nyumba, sote wanne, na shuka moja. Hatukuafikiana taa ni ngapi. Mdogo alilala mapajani kabla hatujamaliza kuhesabu. Mkubwa alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, bila mimi kumuuliza, mahali walipokuwa wanaogea mwaka jana na nani alikuwa anakwenda nao. Alinionyesha kwa kidole pale gizani. Nilimsikiliza tu. Kesho yake nilikwenda kuongea na mama zao wawili, na mmoja amempeleka wake kupimwa.

Mama wa Igombe, Jumamosi tutakuja. Kitinda mimba anauliza kila siku kama kamongo bado yupo.

Mchicha: mafungu kumi na moja, mia tatu mia tatu, jumla 3,300. Wametoa elfu moja ya mbegu, imebaki 2,300. Kumekuwa na mjadala mkubwa wa matumizi. Binti anataka mbegu nyingine, mkubwa anataka mpira wa dukani, mdogo anataka soda. Nimewaacha wamalizane, mpaka usiku huu hawajamaliza.

Kiroba cha pili kipo wazi. Mwenye mbegu za mnafu upande huu wa mjini aniambie anapatikana wapi. Binti anasema mchicha ameshaujua.